Kwale wa Baada ya Maharage

Juzi nilikuwa mtaa wa Mabanga, hapa Goma, kwenye meza ambapo dada yangu anauzia maharage, nikaingiza mkono ndani ya gunia lililofika asubuhi ile kutoka milimani. Kabla sijashika punje, vidole vyangu vilikutana na ganda kavu, lile la kujipinda lenye harufu ya vumbi na jua. Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina. Dada akaniangalia, akacheka. "Umeshaenda kwetu," akasema. Kweli nilikuwa nimeenda.

Wewe rafiki yangu umenizoea hapa Keshero, mama wa watoto wanaokimbia hata jogoo wa jirani. Acha leo nikuambie nilikuwa nani kabla ya hapo.

Nilizaliwa milimani Masisi, kule ambako asubuhi ukungu unajaa bondeni mpaka ng'ombe wanaonekana migongo tu. Baba alifuga, mama alilima. Wanaume wa kwetu waliwinda kwale wakati wa mvua, miezi ile ambayo madume wanapanda juu ya mawe kukipambazuka na kupiga kelele za majivuno. Hapo hata kipofu angejua walipo. Mvua ikikatika na madume wakinyamaza, baba aliviringisha wavu wake wa katani na kuuhifadhi juu ya jiko, kwenye moshi. "Kwale zimemaliza," alisema, na kila mwanaume wa mlima ule alisema vilevile.

Tate peke yake hakukubali. Tate ndivyo tulivyomwita mama mzazi wa baba, mwanamke mfupi aliyetembea kwa fimbo lakini aliyeweza kukuambia mbuzi wa nani amepotea ng'ambo ya bonde. "Hazikumaliza," alisema huku akipepeta maharage. "Zimenyamaza. Mutu akinyamaza, amekufa?" Baba alicheka tu. Hakuna aliyewahi kupanda mlima mwezi wa saba kutafuta ndege asiyelia.

Mwaka niliomaliza shule ya msingi, ulipita ugonjwa wa kuku, ule unaofagia uwanja mzima. Kwa juma moja tulizika hata majogoo. Na juma lililofuata, mwalimu wangu akatuma neno kwamba Jumapili atakuja kuongea na baba. Nyumba nzima ilijua ataongea nini: kwamba niende Goma kuendelea na sekondari. Baba alikuwa amekwisha kusema kwamba dada aliishia la sita, na mimi nitaishia hapo hapo.

Mama alikaa mlangoni, mikono kichwani. "Mwalimu atakuja kula sombe, majani matupu ya muhogo, kama jirani? Baba yenu atasikia aibu. Na mwanaume akisikia aibu, hasikilizi neno la mutu." Mbuzi walikuwepo, lakini baba alikuwa juu malishoni na ng'ombe mpaka Jumamosi jioni, na mbuzi hachinjwi bila mwenyewe.

Tate aliinuka. Alinyoosha fimbo yake, akaudondosha wavu kutoka juu ya jiko, masizi yakatumwagikia sote. "Mutaenda wenyewe," akatuambia mimi na dada.

"Hiyo ni kazi ya wanaume," mama alisema.

"Wanaume wako na ng'ombe."

Jioni ile Tate alitufundisha jikoni, kando ya chungu. Alisema baada ya maharage kung'olewa, kwale wanatembea ukoo mzima pamoja, mama na watoto waliokwisha kukua, wakiokota punje zilizobaki shambani. Tutafute mahali walipojipaka vumbi. Tuwakimbilie kwa kelele ili watawanyike, kila mmoja upande wake. Halafu tutege wavu kwenye njia ya mfereji, tujifiche, tunyamaze, kisha tupige mluzi wa mtoto aliyepotea. "Ndege aliyezoea ndugu zake hawezi kukaa peke yake," Tate alisema. "Atarudi kwa miguu." Akapiga mluzi ule, mwembamba, wa kupanda mwishoni, nasi tukaurudia mpaka mama akaziba masikio. Mwisho akatuonya: "Mama yao, mumuache. Mutamujua kwa miguu, iko na magamba ya zamani. Mukimuchukua yeye, mwaka kesho mlima utanyamaza kweli."

Ijumaa tuliharibu. Tuliwapata, tukawatawanya vizuri, lakini dada alipoona manyoya ya kwanza kwenye majani akaruka juu na kupiga vigelegele. Kwale hakutungojea. Tulirudi na miiba miguuni, na Tate akatugawia viazi vya kuchoma bila kuuliza swali.

Jumamosi tuliondoka umande ukiwa bado baridi kwenye vifundo vya miguu. Shamba la jirani lilikuwa limevunwa juzi, makapi yametapakaa, na pembeni tukaona vishimo vya vumbi vyenye manyoya madogo. Walikuwa pale pale, kama kumi, kimya kama mawe. Tulikimbia tukipiga kelele, nao wakalipuka kutoka ardhini kwa kishindo kilichonifanya nikae chini. Kisha tukatega wavu, tukalala kifudifudi nyuma ya rundo la mabua, bega kwa bega.

Jua lilipanda. Siafu mmoja alinitembelea shingoni na sikumgusa. Nilipojaribu kupiga mluzi, midomo ilikuwa imekauka, ikatoka hewa tupu, na nikasikia bega la dada likitikisika kwa kicheko alichokimeza. Nilijaribu tena. Mbali, chini ya mteremko, kitu kikajibu. Nafikiri moyo wangu haujawahi kudunda vile tena, hata siku ya ndoa yangu.

Wa kwanza alikuja haraka, shingo mbele, akaingia wavuni mzima mzima. Tuliruka. Dada akamshika mabawa, mimi nikaangalia miguu. Ilikuwa ya magamba, yenye kovu.

"Ni mama," nikasema.

"Nani atajua?" Dada alikuwa anahema. "Mwalimu anakuja kesho. Unataka kusoma ao hutaki?"

Nilitaka. Lakini nilimwona Tate kichwani mwangu akigeuza miguu ile jikoni. Nilimfungua yule kwale. Alipiga bawa moja usoni mwangu akaenda, na dada akanigeuzia mgongo. Tukarudi kulala bila neno. Nilipiga mluzi huku machozi yakiingia mdomoni. Kilipita kitambo kirefu mno. Halafu alikuja kwale kijana mmoja, na nyuma yake mwingine, wakifuatana kama watoto wanaotoka shule, wote wawili wakanasa. Dada aliwashika. Alipogeuka kuniangalia, alikuwa anatabasamu.

Jumapili mama aliwapika kwa kitunguu na mafuta ya mawese, polepole, mpaka harufu ikafika njiani. Baba alionja, akaweka tonge la bugali chini. "Hii nyama imetoka wapi? Kwale zimemaliza."

"Uliza mabinti yako," Tate akasema.

Dada alisimulia yote, hata kuhusu yule mama tuliyemuachilia, na hata kuhusu maneno yake mwenyewe. Mwalimu alicheka, akalamba vidole, kisha akaleta ombi lake la Goma. Baba hakucheka. Alinigeukia, akasema tu, "Nitafikiri." Mwezi wa tisa alinipandisha kwenye kamyo la viazi na kunileta Goma mwenyewe. Mama mpaka leo anasema ni mchuzi ule. Dada anasema baba alikuwa ameshaamua, ila alitaka kubembelezwa. Sikuwahi kumuuliza baba, na sasa siwezi tena.

Tate analala mlimani kule. Sisi wengine tuliteremka mmoja mmoja, kwa zile sababu za vita unazozijua, na shamba la jirani sijui leo linalimwa na nani. Wavu ulibaki kule. Watoto wangu wanaijua miezi ya mitihani na miezi ya mvua. Huo msimu mwingine, wa kwale walionyamaza, ambao hakuna mtu aliyeuhesabu, sina pa kuwaonyesha. Sihuzuniki sana. Nilisoma, dada anauza, tunakula pamoja kila Jumapili na simu zetu hazinyamazi siku nzima. Ila nilipotoa mkono kwenye gunia lile, nilikumbuka kwamba ni mara moja tu maishani nimelala nusu siku kando ya dada bila kusema neno, na nilijua kila kitu alichokuwa anawaza.