Fuko Lililotiwa Wanga

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya wanga, mwanangu. Wanga wa muhogo, ule tuliozitia kanzu za Ijumaa zikasimama kama mbao. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami kijana wa ishirini na kitu, mtunza kiwanja cha ndege kisiwani Manda, ng'ambo ya Lamu. Usicheke. Kiwanja chenyewe kilikuwa ukanda wa mchanga uliofyekwa vichaka, kibanda cha makuti, na mlingoti. Juu ya mlingoti palikuwa na fuko refu la kitambaa la kumwonyesha rubani upepo. Mkia wake ukielekea huku, ajue upepo watoka kule. Likilegea, upepo ni mdogo. Likinyooka, upepo ni mkali. Kazi yangu ilikuwa kufukuza punda na kulitunza fuko hilo, basi. Na kwa kazi hiyo nilipita mitaa ya Lamu kifua mbele, utadhani ndege nazirusha mimi.

Mama yangu, Bi Rukia, alikuwa Mombasa akifanyiwa operesheni ya macho. Miaka miwili alikuwa akitutambua kwa sauti tu. Daktari alisema mambo yamekwenda vizuri, lakini bandeji isifunguliwe kwa siku kumi, na kichwa kisitikiswe hata kidogo, la sivyo macho yangeharibika yasirudi tena. Ndiyo maana ikaamuliwa arudi kwa ndege, asipitishwe kwenye barabara ya mashimo.

Siku moja kabla hajafika, nikaona haya. Majirani wangevuka kuja kumlaki mama, na fuko langu limejaa vumbi na mavi ya kunguru! Nikalishusha, nikalifua. Kanzu yangu ya kumpokelea mama ilikuwa karaini, na wanga umebaki mwingi. Nikalitia fuko nalo, nikalipiga pasi ya makaa likanyooka. Nilipolirudisha juu, kusi, ule upepo wa kusini, likivuma, niliona ile pete ya chuma inayolizungusha imeshika kutu. Nikasema nitaitia mafuta kesho. Nikasimama chini kulitazama, nikajisifu. Mwanangu, nilipendezwa na kazi yangu hata nikasahau ni ya nini.

Kesho yake kusi lilikuwa limekata. Kulikuwa na kipepo chepesi tu kutoka kaskazini. Moshi wa jiko langu ulikwenda kusini, bahari upande wa Lamu imelala. Lakini fuko lilikuwa palepale lilipoachwa na upepo wa jana, pete imekwama kwa kutu, kitambaa kimekakamaa kwa wanga, mkia kaskazini, kana kwamba kusi lavuma kwa nguvu zote. Mimi sikuona. Nilikuwa nikichunga kanzu isishike vumbi.

Ndege ikatokea. Rubani alikuwa Mzungu wa makamo, mpole, na desturi yake ilikuwa kuzunguka juu ya kiwanja mara mbili kabla ya kutua. Siku hiyo hakuzunguka. Aliliona fuko akipita kando, akageuka akaja moja kwa moja kutoka kaskazini, akidhani kusi litamzuia kwa mbele. Kumbe upepo ulikuwa mgongoni, wamsukuma. Ndege ikapita kibanda changu ikiwa bado juu, nusu ya kiwanja imekwisha na magurudumu hayajagusa mchanga.

"Ya Rabbi, mama yangu!" nilipiga ukelele.

Iligusa, ikaruka, ikagusa tena, ikakimaliza kiwanja na kuingia vichakani, pua chini. Nilipofika nilimkuta rubani amekishika kichwa cha mama kwa mkono mmoja, mkono wa pili umevunjika. Mama alikuwa akimtaja Mungu polepole.

Jioni ileile nililishusha fuko nikaliloweka mpaka wanga wote ukatoka, mtu asijue. Naam, nilifanya hivyo. Afisa wa viwanja vya ndege alipokuja kuuliza, rubani alisema, "Kosa ni langu." Nikanyamaza kimya, ingawa nilisikia kwamba huenda akazuiwa kuruka maisha yake yote.

Siku ya nne baada ya ajali mama akaniita kitandani, macho bado yamefungwa.

"Mbona siku hizi kanzu yako haisikiki ukipita? Wanga umekwisha?"

Nililia, nikamwambia yote. Akasema, "Umenambia mimi kwa kuwa sikuoni. Haya, shika ndia, kamwambie yule anayekuona."

Nikaenda alikolala rubani, nikamwambia. Nilitegemea matusi. Akatikisa kichwa.

"Fuko lako lilisema uongo," alisema. "Lakini moshi ulisema kweli, na niliuona. Bahari pia niliiona imelala. Ila nilikuwa nimeshaamua kwamba kusi lavuma, nikavipuuza. Ningezunguka mara moja tu!"

Tukaenda kwa afisa pamoja. Mimi nikaachishwa kazi. Yeye akazuiwa kuruka kwa muda, kisha akarudishiwa ndege yake.

Siku ya kumi tangu operesheni bandeji ikafunguliwa. Jicho la kushoto liliona. La kulia halikuona, wala halikuona tena mpaka mama anaingia kaburini. Alinitazama kwa lile moja, juu hadi chini.

"Mbona kanzu ina makunyanzi hivyo?" akauliza, akacheka.

Nilishindwa kujizuia, nikalia mbele za watu. Tangu ajali ile sijavaa kanzu yenye wanga, na hata ya maziko yangu nimewausia wasiitie.

Basi, mwanangu, uwe unarusha ndege au unauza duka, usiishike alama moja kwa kuwa inakubaliana na uliloamua. Tazama moshi, tazama na maji. Vikipingana, zunguka tena, na usione haya. Dakika mbili hazimwui mtu. Nawe ukiwa chini, wengine wakutazama wapate kujua pa kutua, usijipambe hata ukaacha kuwaonyesha kweli. Na ukikosea, usingoje kuulizwa. Nenda kwa yule uliyemkosea, ukaseme akiwa anakutazama usoni.

Mungu akufikishe salama kila uendako, na akubakishie macho yako yote mawili. Amin.