Mjane Aliyekataa Kurithiwa na Mume Wangu

Andika, mjukuu wangu. Baba yangu alizaliwa Walungu, akalima maharagwe maisha yake yote. Mama yangu alizaliwa Kalehe, akabatizwa kabla ya kuolewa. Mimi sikuingia shule hata siku moja. Kwa hiyo mkono ni wako, maneno ni yangu. Usiyapambe.

Mdogo wa babu yako alipofariki, aliacha mjane kijana, mwenye shingo nzuri, na watoto wadogo. Desturi ya ukoo ilikuwa wazi. Siku ya kuondoa matanga, mjane hubeba kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akampa ndugu wa marehemu aliyechaguliwa na wazee. Ndugu huyo akinywa, amemrithi. Wazee walimchagua babu yako.

Kanisa linakataza jambo hilo. Babu yako alikuwa msomaji wa Misa hapa Kadutu, mjini Bukavu, lakini aliniambia kwamba hawezi kuwavunjia wazee heshima. Asubuhi ya siku hiyo alipiga pasi shati lake mwenyewe. Tangu anioe sikuwahi kumwona akishika pasi.

Kule Walungu, kwa ukoo wa babu yako, lupango, ua wa nyumba yao, lilijaa watu. Tonton, mzee mkubwa wa ukoo, alimwonyesha mjane kwa kidole mahali mume wangu alipoketi. Mjane akainua kibuyu, akampita mume wangu, akapiga magoti mbele yangu.

— Maman, kunywa weye. Mimi niko dada yako mu Kristo. Siko muke mwenzako.

Shangazi mmoja akacheka, akasema kumbe leo ni mwanamke anayerithi mwanamke. Tonton hakucheka.

— Huyu ametuletea kanisa mu lupango. Basi kanisa limulishe.

Nilikunywa. Siku ileile wakamnyang'anya shamba la migomba, naye akaja Bukavu na watoto wake kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu.

Utadhani nilimpenda tangu hapo. La. Kila tunapokutana kusali katika shirika la mtaa, akina maman wanasimulia imani yake, na mimi nakaa kama mgeni, kwa wivu. Ni mimi niliyemfundisha ishara ya msalaba. Nilibatizwa yeye hajazaliwa. Neno lile lilikuwa langu kulisema, nalo likatoka kinywani mwake, na shamba likamtoka yeye. Hata sasa babu yako akimsifu mezani, naondoa sahani yake kabla hajashiba.

Usicheke, andika. Nikifa, watu watanisifu juu ya kaburi, waseme kwamba mimi ndiye niliyeikataa desturi ile, kwa sababu nilikuwa mke na nilikunywa. Wakatalie mbele ya wote. Sema ni yeye, na umtaje akiwa hai, asikie. Hilo ndilo utakalolihifadhi. Na neno wivu uliache hapo lilipo, usilifute kwa kunionea haya.