Mpango wa Chakula wa Siku Tano

Safari yenyewe niliishinda kwenye bahati nasibu. Ghala nililokuwa nikifanyia kazi, kule Malton karibu na uwanja wa ndege wa Toronto, lilikuwa na desturi ya kuwafanyia wafanyakazi tafrija kila mwisho wa mwaka, na mwaka ule zawadi kubwa ilikuwa siku tano katika bustani ya michezo ya watoto huko Florida: ndege na hoteli kwa watu wanne. Namba yangu ilipotajwa nilikuwa kwenye foleni ya chakula. Mwenzangu wa zamu akanisukuma bega. "Ni wewe, nenda!" Nikaenda mbele na sahani ya kuku mkononi.

Watu wanne sisi tulitimia kabisa: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka saba, na mdogo wake wa kiume aliyekuwa ametimiza minne. Shida ilikuwa kwenye makaratasi. Mimi nilikuwa nimeshapata uraia wa Kanada, watoto wamezaliwa hapa Toronto, lakini mke wangu, aliyenifuata baadaye, alikuwa bado na pasipoti ya Tanzania. Aliomba viza ya Marekani, akanyimwa. Siku aliyorudi na jibu alivua buti mlangoni, akaketi kwenye kochi na koti lake mwilini, theluji ikiyeyuka mabegani. Nikamwambia basi, safari imekufa.

"Haijafa," akasema. "Nendeni nyie watatu."

"Bila wewe?"

"Baba watoto, mimi ndiye niliyenyimwa viza. Watoto hawajanyimwa kitu."

Mwezi wa pili ikaja barua ya hoteli. Chakula hakikuwamo kwenye zawadi. Tulitakiwa kuchagua mpango wa chakula mapema, kabla hatujasafiri. Mipango ilikuwa mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa kula mkahawani mara tatu kwa siku, mmekaa, mnahudumiwa. Wa pili ulikuwa wa kununua kaunta ndani ya bustani, baga na chipsi na vitu vya namna hiyo. Wa tatu ulikuwa wa bafe ya asubuhi kila siku pale hotelini, pamoja na mlo mmoja mwepesi mchana. Chini kulikuwa na fomu ya watoto: jina, umri, chakula kinachomdhuru, chakula anachopenda.

Niliijaza wakati wa mapumziko ya kazini. Jina nikaandika. Umri nikaandika. Nilipofika kwenye chakula anachopenda, kalamu ikasimama.

Si kwamba nilikuwa baba mbaya. Nilikuwa baba wa zamu ya usiku. Niliondoka nyumbani, North York, saa kumi na moja jioni, mabasi mawili hadi Malton, na niliporudi asubuhi watoto walikuwa wanavaa makoti kwenda shule. Tulikutana pale mlangoni, wao wakitoka mimi nikiingia. Jumamosi nilichukua zamu ya ziada. Nilijua saizi za viatu vyao, nilijua yupi anaogopa lifti ikisimama ghafla, lakini mezani kwao sikuwa nimekaa, na walichokula sikukijua.

Nikampelekea mke wangu ile fomu. Alikuwa anapiga pasi sare yake. Alifanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, zamu ya mchana.

"Malizia hapa," nikamwambia. "Wewe ndiye unayejua."

Akaitazama, akanirudishia.

"Nikikuandikia mimi, utakuwa na karatasi. Kule huendi na karatasi, unaenda na watoto. Kaa nao, ule nao, utajua cha kuandika."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana maneno yake yalinichoma.

Nikaomba kazini niachiwe Jumamosi tatu. Jumamosi ya kwanza nilipika wali, maharage na mchicha, nikapakua vyote kwenye sahani moja kama mama yangu alivyotupakulia sisi. Mwanangu aliitazama sahani, kisha akaisogeza mbele taratibu, kwa vidole viwili.

"Kula, baba," nikamwambia.

Dada yake akaingilia kati, kwa Kiingereza kama kawaida yao, maana watoto wale Kiswahili walikisikia vizuri na kujibu kwa Kiingereza. "Hali vitu vilivyogusana," akasema, kama mtu anayemweleza mgeni. Akafungua kabati, akatoa vibakuli vitatu. Wali peke yake, maharage peke yake, mchicha peke yake. Mtoto akala, akamaliza, akaomba tena. Miaka minne nimeishi naye nyumba moja, sikulijua hilo.

Jumamosi ya pili nikagundua kwamba binti yangu hapendi maziwa. Aliyanywa kwa mkupuo mmoja, amebana pumzi, kama dawa.

"Huyapendi?"

Akatazama mlango wa bafuni, alikokuwa mama yake. "Usimwambie mama. Huwa anafurahi nikimaliza."

Jumamosi ya tatu nilipika uji. Mke wangu aliupika kila asubuhi kabla sijarudi. Mimi nilikuwa nakuta sufuria imeshaoshwa. Uji wangu ulikuwa na mabuje, na watoto waliyatoa kwa kijiko wakayapanga pembeni mwa meza bila kulalamika. Mwanangu aliula wote uliobaki. Nilikaa namtazama, kibakuli kimefunika uso, na nikajisikia kama mtu aliyekaribishwa mahali.

Bado nilikuwa sijachagua mpango. Nilikuwa naelekea ule wa kwanza, kwa sababu niliona ndio wa heshima: watoto wakae, wahudumiwe, mama yao asije akasema niliwalisha chipsi siku tano. Aliyenizuia ni jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama wa Kiismailia aliyezaliwa Mwanza, ambako baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Alikuwa amekaa Kanada zaidi ya miaka thelathini, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Mwanza ileile aliyoiacha. Wajukuu zake alikuwa amewapeleka Florida mara mbili. Nikashuka kwake na barua yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Chai iko tayari."

Akavaa miwani, akasoma mipango yote mitatu kwa utulivu, kidole kikifuata mistari. Kisha akaweka kidole kwenye ule wa kwanza.

"Huu ni wa wazee," akasema. "Mtoto wa miaka minne utamkalisha mezani saa nzima, mara tatu, na nje anasikia muziki na wenzake wanapiga kelele? Atalia yeye, utalia na wewe."

"Na huu wa kaunta?"

"Siku ya kwanza watafurahi. Siku ya pili matumbo yatauma." Akageuza karatasi. "Chagua asubuhi, mwanangu. Mtoto akishiba asubuhi, mchana hakusumbui. Bafe anajitazamia mwenyewe, anachukua anachokijua. Na soseji za kule uulize kwanza, nyingi ni za nguruwe."

Nikachagua wa tatu. Nikamalizia fomu palepale mezani kwake, na mistari yote ya watoto nikaijaza bila kumuuliza mtu.

Tulisafiri likizo ya mwezi wa tatu. Maofisa wa Marekani wanakukagua Toronto hapahapa kabla hujapanda ndege, na mimi nilikuwa na barua ya mama yao ya kuniruhusu kuvuka mpaka na watoto. Ofisa aliisoma, kisha akamuuliza binti yangu mama yuko wapi. "Nyumbani," akajibu. "Nyie mlikataa asije." Ofisa akamtazama kidogo, akagonga mihuri, akatutakia safari njema.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Jua lilikuwa kali, tulikuwa tumeacha theluji, watoto walikimbia na mikono wazi kana kwamba hawajawahi kuona hewa. Asubuhi walikula bafe: binti yangu chapati za maji na matunda, mdogo wake ndizi mbili alizozimenya mwenyewe, kwa kuwa ndizi iliyomenywa na mtu mwingine alikuwa haili. Dada mtu alisoma vibao vyote vya nyama kwa sauti, akaniambia ipi tuiache. Mchana hawakuniomba kitu zaidi ya maji.

Siku ya pili mchana, mwanangu akakataa kula. Nikasema ni joto. Jioni akakataa tena. Asubuhi ya siku ya tatu tulikaa kwenye meza ileile ya bafe, nikamletea ndizi, akaisukuma. Mkate, akasukuma. Mayai kwenye kibakuli chake peke yake, akasukuma. Kisha machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Nataka mama."

"Tutampigia mama ukishakula."

"Nataka mama sasa."

Hapo nilifanya jambo ninaloona haya kulisema. Niliinua sauti. "Kula basi!" Watu wa meza ya jirani wakageuka. Mtoto akajikunja kwenye kiti. Binti yangu akaweka mkono wake mdogo juu ya mkono wangu.

Mhudumu wa sehemu yetu alikuwa mama mtu mzima, Mmarekani mweusi, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Alikuwa anaondoa vyombo meza ya pili. Akaja, lakini hakusimama juu yetu. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto, kisha akaniuliza mimi.

"Nyumbani huwa anakula nini asubuhi?"

Sikufikiri hata kidogo. "Uji," nikasema, kisha nikakumbuka kwamba haelewi. Nikamweleza: unga wa mahindi mweupe, maji, unakoroga motoni mpaka unaiva, sukari kidogo.

Yule mama akaanza kucheka, kicheko cha furaha. "Mahindi meupe? Mimi bibi yangu alinikuza kwa hicho, kijijini kwetu. Nisubirini."

Akaingia jikoni. Akarudi na kibakuli kimoja kidogo, kinafuka moshi. Wao, alisema, huutia siagi na chumvi, lakini huu alikuwa ameuchota kabla haujatiwa kitu, na sukari akaiweka kwenye kisahani cha pembeni. Ulikuwa mzito kuliko wetu, chengachenga kidogo. Akauweka mbele ya mtoto, mbali na vyombo vingine vyote.

Mwanangu alifuta pua kwa mkono. Akainama, akanusa. Akanitazama mimi, akamtazama dada yake.

"Uji," akasema.

Akala. Alikula taratibu, kijiko baada ya kijiko, na alipofika katikati akainua kichwa, akamwambia yule mama, kwa Kiswahili, kana kwamba ndiyo lugha ya nchi ile, "Asante, bibi." Yule mama hakuijua lugha, lakini alielewa. Akajifuta macho kwa ncha ya aproni na kwenda kuhudumia meza nyingine. Mimi nilimwomba mwanangu radhi palepale. Akasema sawa, akaomba sukari zaidi.

Tulimpigia mama yao kwa simu ya ukumbini, kwa kadi niliyokuwa nimeinunua Toronto. Mtoto akaning'ang'ania mpaka nikampa mkonga wa simu. "Mama, huku kuna uji!" Nilisikia mke wangu akicheka upande wa pili, kisha akaomba kuongea nami.

"Aliyepika nani?"

"Mama mmoja hapa. Bibi yake alimkuza kwa uji."

"Mshukuru," akasema. "Mwambie kwamba mama wa mtoto anamshukuru sana."

Nilimfikishia salamu zile kesho yake asubuhi, na kibakuli kilikuwa tayari kinatusubiri mezani. Kilitusubiri na siku ya mwisho pia. Nilipotaka kumpa kitu kidogo cha kumshukuru alikataa, akasema nimwachie mtoto amkumbatie tu. Mtoto alimkumbatia shingoni mpaka miwani ya yule mama ikapinda.

Tuliporudi, mke wangu alikuwa anatungoja uwanjani na makoti matatu mkononi, maana tulikuwa tumetoka kwenye jua na Toronto ilikuwa bado ya baridi. Kwenye basi, watoto wamelala mapajani mwetu, akaniuliza walikula nini. Nikamweleza siku kwa siku, mlo kwa mlo: nani alikataa nini, nani aliomba nini tena, hata habari ya mimi kupaza sauti. Alinisikiliza safari nzima bila kunikatiza. Mwishoni aliegemeza kichwa begani kwangu na kusema, "Umechoka." Nilikuwa nimechoka kweli, na sikumbuki kama nimewahi kuchoka nikiwa na furaha namna ile.

Wiki iliyofuata nilimwendea msimamizi wangu ghalani, nikaomba zamu ya mchana. Akaniambia orodha ni ndefu. Nikasema niandike. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuipata, na tangu Jumatatu ile ya kwanza mimi ndiye ninayewaamsha watoto, wakiwa wakali kwa usingizi, nywele zimesimama, wakiulizana nani aliyechukua soksi ya mwenzake.