Karatasi Iliyokuja Kuuliza

Mwanangu, siku ambayo sijaweza kuisahau mpaka leo ni ile niliyosimama ndani ya ghala la pamba la Munisagara, nimevaa gauni jipya la vitone na viatu vinavyonibana, nikawasomea watu karatasi ya serikali. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa bibi maendeleo. Ndivyo tulivyoitwa sisi wasichana tuliotumwa vijijini kufundisha usafi, malezi na kusoma. Nilijiona nimeijua dunia yote, ingawa dunia yenyewe ilianzia Kilosa na kuishia Morogoro.

Nakuandikia haya kwa sababu nimeisikia kazi uliyoianza. Binti wa jirani alinionyesha kwenye simu yake: unasoma miswada inayopelekwa Bungeni, kisha unawaeleza watu kwa Kiswahili chepesi. Nimefurahi, na nisikufiche, nimeogopa pia. Kazi hiyo niliifanya kabla hujazaliwa, nikaiharibu, na aliyeumia hakuwa mimi.

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Serikali ilitaka nchi nzima iwe na sheria moja ya ndoa, kwa Waislamu, kwa Wakristo na kwa wanaofuata mila. Kabla muswada haujaandikwa, ikatoa mapendekezo yake na kutaka wananchi wayasikie, waseme wanaonaje. Sisi tukagawiwa makaratasi pale Kilosa. Tukaambiwa twende, tueleze, tuandike maoni ya watu, tuyarudishe. Kazi tatu, mwanangu. Mimi nilijua kuifanya moja.

Hiyo moja niliijua kweli, sina haja ya kujishusha. Baba yangu alikuwa katekista kule milimani kwetu. Nilikua nikimsikiliza akichukua somo gumu la kanisani na kuligeuza Kikaguru mpaka bibi kizee wa mwisho anatikisa kichwa kwamba ameelewa. Karatasi ile ilikuwa na sentensi ndefu kama treni ya mizigo, lakini nikizikata vipande vipande watu walinielewa. Kijiji cha kwanza walinipigia makofi. Cha pili wakaniletea kuku. Nilipofika Munisagara kichwa kilikuwa kimeshavimba.

Sasa nikueleze mila ya kule, maana bila hiyo hutaona kosa langu lilipo. Watu wa Munisagara ukoo wao hufuata upande wa mama. Mwanamume akifa, nyumba na shamba lake haviendi kwa mkewe wala kwa watoto wake, vinakwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Mjane hurudi kwa ndugu zake, au hukaa kwa hisani ya ukoo wa marehemu. Usicheke, na usitukane. Hata mila inayouma ina watu wanaoiishi kwa heshima.

Siku ile ghalani alikuwapo mjane mmoja, Mama Hadija. Mumewe alikuwa fundi wa reli, na arobaini yake ilikuwa bado haijafika. Alikaa juu ya gunia karibu na mlango, kanga kichwani, mikono imetulia mapajani. Nikasoma kwamba mwanamke aliyefiwa na mume asirithiwe kwa nguvu, awe huru kukaa anapotaka na kuolewa na amtakaye, au asiolewe kabisa. Nilisoma kwa sauti ya juu, maana pendekezo lile lilinipendeza. Yale yasiyonipendeza niliyapitia mbio, kama mtu anayepita karibu na mzinga wa nyuki.

Mama Hadija akanyoosha mkono.

"Bibi maendeleo, na nyumba je?"

Mwanangu, karatasi haikusema neno lolote juu ya nyumba. Nilijua haikusema. Lakini watu zaidi ya mia walikuwa wananitazama, na neno "sijui" likawa zito mdomoni. Nikamtazama yule mama nikamwonea huruma. Nikajiambia kuwa serikali inayomjali mjane hivi haiwezi kumnyima nyumba.

"Na nyumba, mama," nikasema.

Ulimi hauna mfupa. Nilipomaliza kusoma, mzee mmoja aliyekaa mbele akasema, "Tumesikia." Watu wote wakaitikia "Tumesikia," wakapiga makofi mara tatu, wakainuka. Sikupata hata oni moja la kuandika. Nikadhani wamekubali yote kwa furaha. Nikaandika katika daftari langu: wananchi wa Munisagara wanaunga mkono. Nikapanda treni ya kurudi Kilosa nikiwa nimejaa raha.

Baada ya wiki mbili hivi ukoo wa marehemu ulikaa. Mpwa aliyerithi aliitwa Salumu, kijana mpole, wala hakuwa na tamaa. Wazee wake wakamwita Mama Hadija wakamwambia: nyumba sasa ni ya Salumu, lakini umelima na ndugu yetu miaka kumi na minane, umemuuguza mpaka mwisho. Kaa hapa, ulime lile shamba la kando ya mto Mkondoa, mpaka mtoto wako mdogo akue. Tunachotaka ni useme tu mbele ya watu kwamba unakaa kwa idhini ya ukoo.

Kwa mila ile, lilikuwa jambo jema kuliko alilotarajia mjane yeyote. Mama Hadija akakataa.

"Nikae kwa idhini ya nani?" akawaambia. "Serikali imeshanipa nyumba yangu. Nimesikia kwa masikio yangu, na ninyi mlikuwepo."

Wazee wakaona wametukanwa. Kilichokuwa hisani kikageuka kesi, kesi ikaletwa Mahakama ya Mwanzo, Kilosa. Mama Hadija alinipitia ofisini asubuhi ile, nami nikaenda naye, bado najiamini, karatasi yangu mkobani. Hakimu akaniomba niisome. Nikasoma. Akaniuliza ni sheria gani hii. Nikasema ni mapendekezo. Akauliza kama muswada umeshapita Bungeni. Nikasema haujaandikwa. Akauliza mahali panapotajwa nyumba. Nikasema haitajwi.

Hakimu hakunigombeza. Aliandika tu. Mahakama ikaamua kwa mila, nyumba na shamba vikabaki kwa Salumu, na wazee wake, kwa hasira waliyokuwa nayo, hawakutaka tena kusikia habari za idhini. Kabla mahindi hayajakomaa Mama Hadija akafunga vyombo vyake, akaenda na watoto wake watatu kwa kaka yake, kijiji cha Mvumi hukohuko Kilosa. Mahindi aliyoyapanda yeye yakavunwa na watu wengine. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Yeye hakuuacha mbachao wake kwa ujinga. Ni mimi niliyempitishia msala mbele ya macho na kumwambia tayari ni wake.

Nilitoka mahakamani nikakaa kwenye ngazi, nikalia bila aibu. Hapo akanijia Mzee Mkopi, mmoja wa wazee wa baraza waliokaa na hakimu siku ile. Alikuwa mzee mfupi, mwenye kikohozi, aliyepata kuwa mnyapara kwenye mkonge wa Rudewa zamani za Mwingereza.

"Shikamoo, babu," nikasema, nikijifuta uso.

"Marahaba. Unalia nini?"

"Nimemponza yule mama, babu. Na mimi nilitaka kumsaidia."

Akakaa, akakohoa. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Mwanangu, mimi nimeishi chini ya serikali tatu. Karatasi nimesomewa nyingi. Ya kodi. Ya kwenda kwenye mkonge. Ya kuchimba barabara. Ya kuhama. Hakuna hata moja iliyoniuliza kitu. Ikisomwa, tunasema tumesikia, maana yake amri imefika, tunaenda zetu. Wewe ulileta karatasi ya kwanza katika maisha yetu iliyokuja kuuliza, ukaisoma kama zile zinazoamrisha. Ungewaambia watu kwamba wanaulizwa, yule mama angesema habari ya nyumba, ungeiandika, ikapelekwa huko juu. Wewe ukamjibu. Nani alikutuma ujibu?"

Nikaitoa ile karatasi mkobani, nikaitazama.

"Kuuliza si ujinga," akaongeza, "na kusema sijui si ujinga pia. Ila kujibu usilolijua, huo ndio ujinga wenyewe, na mzigo wake anaubeba mwingine."

Akainuka akaniacha palepale. Sikumpenda siku ile. Kumpenda nilianza baadaye sana.

Mwanangu, kutubu kwa mdomo ni rahisi. Kilichobaki kilikuwa kurudi Munisagara. Nilikwenda, nikamsihi mwenyekiti wa kijiji aite tena watu ghalani. Nikasimama mbele yao na kusema: nilidanganya juu ya nyumba. Karatasi hii si sheria. Huenda ikawa sheria, huenda isiwe, na huenda ikabadilishwa katikati ya safari. Serikali inawauliza ninyi. Nikaisoma yote upya, pamoja na yale yaliyonichoma. Kila kipengele nikisimama na kuuliza: mnaonaje?

Mwanzoni hawakujua kwamba karatasi hujibiwa. Kisha bibi mmoja akasema anataka mjane aachiwe walau mavuno aliyoyapanda mwenyewe. Nikaandika. Mzee akabisha, akasema ukoo utakwisha. Nikaandika na la kwake, ingawa mkono haukutaka. Salumu akasimama, akasema kwa sauti ndogo kwamba laiti angeulizwa mapema, naye alikuwa na la kusema. Tulikaa mpaka jua likaegemea, na daftari likajaa.

Kisha nikatembea mpaka Mvumi. Mama Hadija nilimkuta anapepeta mpunga wa kaka yake. Nikapiga magoti, nikaomba radhi. Hakuniambia nimekusamehe. Alisema, "Kaa, uandike la kwangu." Nikaliandika neno kwa neno: mwanamke aliyelima na mumewe asitoke mikono mitupu. Nikamsomea alichosema, akanisahihisha mara mbili, ndipo nikaondoka na kulirudisha daftari Kilosa.

Sheria ikaja kupita, siku nyingi baadaye. Ilipofika ofisini kwetu, nyekundu kwa mihuri, kitu cha kwanza nilichofanya ni kukaa nayo siku tatu nikiisoma. Lile la mjane kuwa huru kukaa atakako na kuolewa na amtakaye lilikuwamo. Nikatafuta nyumba yake, nikatafuta shamba lake. Mirathi ya mjane haikuguswa. Kitabu kile nikakichukua, nikaenda nacho Mvumi, roho ikiniuma njia nzima, maana nilijua ninakwenda na mikono mitupu kwa mtu niliyemtoa mikono mitupu.

"Imepita, mama," nikamwambia. "Lakini nyumba haimo."

Akavuta kigoda, akanipa nikae, naye akakaa chini kwenye jamvi.

"Nisomee yote," akasema. "Hata yasiyonihusu. Safari hii la kushika nitalichagua mwenyewe."

Nikamsomea mpaka sauti ikakauka. Alikuwa ananisimamisha: hapa rudia, hapa maana yake nini, hapa wewe unajua au unadhani? Nilipodhani nikasema nadhani. Nilipokuwa sijui nikasema sijui, na kila niliposema hivyo yeye aliitikia "haya", akatulia, tukaendelea. Tulipomaliza ndipo akaniita binti yangu, kwa mara ya kwanza. Nililia tena, lakini machozi yale hayakufanana na ya mahakamani.

Basi, mwanangu unayewaeleza watu miswada, shika haya ya mtu aliyeungua. Kabla hujasema muswada unasema nini, sema umefika wapi. Watu wetu wamesomewa amri vizazi na vizazi, na bado wengi wakiona karatasi yenye muhuri wanasema tumesikia na kwenda zao. Waambie: huu bado unauliza, na wewe unayo haki ya kujibu kabla ya siku fulani, mahali fulani. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini hakuna anayemwaga maji ya mtungi wake kwa sababu ameona wingu. Na utapenda vipengele vingine kuliko vingine, wewe ni mtu. Soma vyote kwa sauti ileile. Kisichoandikwa usikiandike kwa huruma yako. Huruma yangu ndiyo iliyomtoa Mama Hadija nyumbani kwake, si ubaya wangu.

Na mtu akikuuliza jambo usilolijua, hata wawe elfu wanakutazama kwenye hiyo simu, sema sijui, nitauliza. Kisha uulize kweli, urudi na jibu hata kama halipendezi. Ukikosea, na utakosea, kosa ulilolitenda hadharani liungame hadharani, halafu mwendee yule uliyemuumiza kwa miguu yako.

Nenda basi, Mungu akupe macho ya kuusoma mstari mpaka mwisho wake, na moyo usioona haya kusema sijui. Akulinde na utamu wa makofi. Akujalie watu wakuulize maswali mengi, na siku moja hao uliowaelimisha wakusahihishe, nawe ukae chini uandike.