Ndugu Yangu kwenye Meza ya Marehemu

Harufu ya yale maua ya rangi ya chungwa haitoki mikononi hata ukiosha kwa sabuni mara tatu. Ni kali, ina uchungu wa dawa ya kienyeji. Juzi nilikuta yamepangwa kwenye ndoo nje ya duka moja Rockville, nikavuka barabara nisipite karibu. Niwaambie kwa nini, ingawa jinsi mnavyonijua sasa, mimi si mtu wa kuongea. Hata darasani nikijua jibu huwa naangalia dawati.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Gaithersburg, huku Marekani, ghorofa ya pili, mimi na Mama na Baba. Mama alikuwa anamhudumia mzee mmoja, kumwogesha na kumlisha, na Baba alifanya kazi ya usafi hospitalini. Chini yetu alikaa Doña Chayo, mama wa Kimexico mwenye mikono ya joto, ambaye alinilea Mama akiwa kwenye shifti.

Kila Novemba ikianza, Doña Chayo na wenzake waliomba ule ukumbi mdogo wa apatimenti, karibu na chumba cha kufulia nguo. Walipanga meza kwa ngazi kama za jukwaa, wakaijaza mishumaa, mikate yenye sukari juu, mafuvu bandia ya kuchekesha yaliyopakwa rangi, na picha za watu wao waliokufa. Kila mtu alileta chakula ambacho marehemu wake alikipenda. Doña Chayo aliniambia wafu huja kutembea siku hizo, na ni aibu mgeni akute meza tupu.

"Na wewe?" aliniuliza kwa Kiingereza chake cha polepole. "Huna mtu wako?"

Nilikuwa naye.

Chini ya kitanda cha Mama kulikuwa na sanduku, na ndani ya sanduku, kwenye jalada la Biblia ya zamani, kulikuwa na picha ya mvulana wa sweta la kijani, meno mawili ya mbele hayapo. Baba akishatoka kwenda kazini, kuna siku Mama aliitoa, akaifuta kwa ncha ya leso, akalia bila sauti. Siku moja nilimkuta. Nikamuuliza ni nani.

"Ndugu yako. Anaitwa Dan," akasema, akaniwekea kidole mdomoni. "Usimwambie Baba."

Hakuna aliyeniambia Dan amekufa. Nilijipigia hesabu mwenyewe. Babu alipofariki, Mama aliililia picha yake hivyo hivyo, mabega tu yakitikisika, na baada ya mazishi jina lake halikutajwa tena nyumbani. Mtu analiliwa, hatajwi, yuko kwenye picha tu. Kwa akili yangu ya miaka tisa, hapakuwa na la kuuliza.

Basi Jumamosi ya sherehe nikaiiba picha, nikafunga na mandazi mawili kwenye karatasi ya jikoni, nikashuka nayo. Sikujua Dan alipenda nini, lakini sikuwahi kuona mtoto anayekataa mandazi. Doña Chayo aliniuliza alikuwa na miaka mingapi. Nikakisia sita. Akashika kifua. Watoto, akasema, wana mahali pao. Akaipandisha ile picha ngazi ya juu kabisa, akaizungushia yale maua ya rangi ya chungwa, akaweka gari dogo la plastiki, peremende na glasi ya maziwa. Sikuwahi kuona kitu kizuri kama kile, na nilikuwa nimekifanya mimi.

Wapangaji wote walialikwa. Baba alikuja na shati lake la kanisani. Mama alifika moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake, akiongozana na Auntie Rose wa kanisani kwetu, ambaye popote penye chakula hapitwi.

"Sasa hii ni sherehe ama ni matanga?" Auntie Rose akasema, sahani tayari mkononi. "Na haya maua, Mama Kwamboka, si ni ndugu ya yale magugu tunang'oanga kwa shamba?"

"Nusa uone," Mama akamjibu. "Huku unayanunua."

Walikuwa wanacheka. Huwa nakumbuka kwamba walikuwa wanacheka.

Baba alikuwa anapita mezani akitazama picha moja moja, kwa heshima, mikono nyuma. Akasimama. "Mama Kwamboka, njoo uone. Huyu mtoto amekuchukua sura, jamani."

Kabla Mama hajafika mezani, Doña Chayo alishamshika mikono yote miwili, anampa pole ya mwanawe.

"Mwana gani?" Baba akauliza.

Wakanitazama. Na mimi, nisiyeongea, siku hiyo nikakisahau kile kidole cha Mama, nikaongea, tena kwa Kiswahili, ili Baba afurahi. "Ni Dan. Ndugu yangu aliyekufa. Nimemletea mandazi."

Mama hakunitazama. Alitazama ile picha. Auntie Rose aliacha kutafuna.

"Ulizaa kabla yangu?" Baba alishusha sauti.

"Ndiyo."

"Na akafa?"

Mshumaa mmoja uliisha na mtu akawasha mwingine.

"Akafa," Mama akasema. "Homa."

Baba akaweka sahani chini, akamkumbatia mbele ya watu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. "Pole. Pole sana, mama. Miaka yote hii umebeba hii kitu peke yako? Si ungeniambia tu." Alikuwa analia. Nilijisikia nimefanya kazi kubwa.

Tuliporudi nyumbani Mama aliifuta picha kwa kitambaa, juu na chini, mara nyingi kuliko ilivyohitaji. "Umemchuria mwanangu," akaniambia. Sikulijua hilo neno, na kwa uso aliokuwa nao sikuuliza.

Nilikuwa na miaka kumi na minne simu ya Mama ilipolia akiwa bafuni. Nikashika. Sauti ya mwanamume: "Mama, ni Dan. Mbona hushiki simu?"

Nilisema mimi ni Kwamboka. Akaniuliza kama huku kuna baridi. Alikuwa na adabu, kama mtu anayeongea na sekretari.

Mama alikaa ukingoni mwa bafu na taulo yake, akanieleza. Baba alikuwa ametafuta mke asiye na mtoto, na alisema hivyo waziwazi. Dan akafichwa kwa mama mdogo. Kwenye fomu za safari, pale penye watoto, Mama akaandika hakuna. Alidhani akishafika atangoja Baba amzoee, kisha amwambie. Akangoja miaka kumi.

"Nilikuwa nimeamua kumwambia," akasema. "Krismasi ya mwaka ule ule. Dan alikuwa kumi na sita, bado angehesabika mtoto kwenye karatasi za kuja huku."

Hakunilaumu, wala hakulirudia lile neno kuchuria, ambalo sasa nalijua: kumtabiria balaa mtu aliye hai. Afadhali angenilaumu. Nilichokuja kuelewa ni kwamba pale ukumbini alipewa milango miwili na watu wenye sahani wakimwangalia. Mtoto aliyekufa alisamehewa kwa dakika moja, kwa kukumbatiwa. Aliye hai angetaka kitanda, shule, na maelezo ya uongo wa miaka kumi. Na neno lilishatoka kinywani mwangu. Alichofanya ni kulikubali.

Baba ni mtu mwema, na hapo ndipo shida ilipo. Tangu siku ile hajasahau hata mwaka mmoja. Yeye ndiye huomba picha, yeye hununua mandazi, yeye hupanda kiti kuiweka juu. Mwaka jana alimwambia Doña Chayo kwamba kijana sasa angekuwa anampita urefu. Mama alikuwa kando yake. Alisema, "Labda."

Mwaka huu Baba aliniomba niandike jina la Dan kwenye kadi ya kuweka kando ya picha, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Nilikuwa nimemaliza herufi ya mwisho simu yangu ilipotetemeka. Dan, kutoka Kisii, ana miaka ishirini na minne: Leo mko wapi, mbona mko kimya?

Nikamwandikia tuko tu nyumbani, hakuna kitu. Kisha nikampa Baba kadi.