Nukta Zilizovutwa

Wifi yangu, dada wa mume wangu, tulimpachika jina la Nukta. Kazi yake ni kukaa kwenye chumba chenye pazia zito na kuweka nukta kwenye picha za mafuvu: moja kwenye tundu la sikio, moja kwenye mzizi wa pua, nyingine kufuata mishono, pale mifupa ya kichwa inapoungana. Kompyuta huziunganisha zikawa umbo, kisha wakubwa wake wakalinganisha vichwa vya watoto, sokwe na watu wa kale, wajue ubongo ulikuaje hadi kufika huku kwetu. Nilikuwa namchokoza kila akirudi: "Wifi, leo umeonana na babu yako?" Anacheka mpaka machozi.

Mwanangu alipofikisha miezi mitatu, wifi ndiye aliyeng'ang'ania apigwe picha ya fuvu kwa ajili ya utafiti. Nilikubali shingo upande. Kichwa chake kilikuwa kirefu kidogo, nami nilimvalisha kofia hata kwenye joto. Sikutaka maneno ya watu.

Picha hizo hazina majina, na kila moja huwekewa nukta na watu wawili, kila mtu kivyake. Zikipishana, kuna aliyekosea. Jana mkuu wao alimwita wifi akamwonyesha maumbo mawili ya kichwa kimoja. La mwenzake lilikuwa refu, mshono wa juu umefunga. La kwake lilikuwa la mtoto wa kawaida kabisa.

"Hii umeipima," mkuu akamuuliza, "au umeiombea?"

Alikuja kwangu moja kwa moja, mkoba bado begani. Nilikuwa nanyonyesha.

"Nilimjua kwa lile sikio," alisema. "Sikio la kaka yangu tupu. Mkono ukawa unazivuta nukta, wifi, kidogo kidogo. Wala sikujijua."

"Kwa hiyo mwanangu ana nini?"

"Fuvu limefunga kabla ya wakati. Ubongo unakua, hauna pa kwenda. Nimewaambia ni wetu, na daktari wa upasuaji anataka tumpeleke kesho."

Nilipandwa na hasira. Nilimwita mwongo, nikamwambia akaangalie sokwe wake, amwache mwanangu. Alimvua mtoto kofia taratibu, akanishika kidole, akakiweka utosini.

"Nionyeshe panapobonyea."

Nilitafuta nisipapate, kama nisivyopapata kila nikimwogesha. Kisha nikampa mtoto ambebe yeye, nikaanza kufungasha nepi za kwenda nazo hospitali.