Kamba ya Anti Nekesa

Kila binti yangu anapochonga penseli, harufu ile ya mti wa mtarakwa hunirudisha kwenye msitu ulio juu ya Molo, na hasira hunipanda pale pale mezani, mtu mzima na watoto wangu.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali, ikabidi ng'ombe wetu wakalale msituni kulikobaki nyasi. Kazi hiyo ilikuwa ya baba mdogo, lakini alikuwa ameumia mguu. Anti Nekesa, dada mdogo wa baba, akajitolea. Nyanya alikubali kwa sharti moja, kwamba aende nami. Nilikuwa darasa la tatu na kichwa kilinivimba. Anti ndiye aliyenisuka nywele na kunifichia vipande vya nyama jikoni, nami nilimfuata kila mahali kama mkia.

Alinifundisha kulala msituni kwa subira ya mwalimu wa nasari. Usilale chini ya tawi kavu. Usilale kwenye njia ya wanyama, hata kama hapo ni laini. Tandika matawi ya mtarakwa, wadudu hawapendi harufu yake. Moto uwe upande wa miguu, na kuni uzifikie bila kuinuka. Kila jioni alinifanya nitayarishe kila kitu mwenyewe, yeye amekaa tu akinikosoa. Kisha alinifunga kamba ya katani mkononi, ncha ya pili akajifunga yeye.

"Ukiskia kitu usipige nduru," aliniambia. "Vuta tu hii kamba. Na mimi nitavuta. Hivyo utajua niko."

Nikavuta, akavuta. Fisi walilia mbali huko, nami nikalala fofofo.

Usiku wa mwisho moto ulikuwa mkubwa kuliko kawaida. Niliamka kidogo, nikavuta kamba. Ikavutwa. Nikatabasamu gizani, nikajifunika blanketi, nikalala mpaka ndege wakaanza kelele.

Asubuhi niliifuata ile kamba nimwamshe Anti. Ilikuwa imefungwa mguuni mwa Sukari, ng'ombe wetu mzee, aliyelala akicheua na kunitazama. Nilimwita Anti mpaka sauti ikakauka. Niliwaswaga ng'ombe nyumbani peke yangu nikilia, na huko nikakuta habari zimeshafika: alionekana alfajiri amepanda lori la viazi linaloenda Nakuru, pamoja na yule kijana ambaye Nyanya alikuwa amekataa akanyage kwetu.

Nyanya hakunikumbatia. "Si nilikutuma umchunge?" aliniuliza. "Sasa ulikuwa umelala?"

Kumbe nilikuwa na kazi, na hakuna aliyeniambia.

Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa kwamba masomo yale yote yalikuwa ya usiku ule mmoja. Anti alikuwa akinitayarisha kuachwa. Hata Sukari, Anti alimchagua makusudi, kwa sababu ng'ombe mwingine angevutwa mguu angeruka na kuniburuta.

Siku hizi Anti hututembelea, analeta mkate na maziwa, na tukikumbushana hucheka. "Lakini si ulilala salama?"

Nililala salama, sikatai. Kinachoniuma ni lile tabasamu langu, nililompa ng'ombe nikidhani ni yeye. Naweza kulala popote bila woga. Lakini mume wangu akinishika mkono gizani, mimi huwasha taa kwanza nione ni nani.